Angalizo kabla ya onyo: mwongozo kamili wa kumkanya mtu bila kumvunjia heshima

Kiswahili hakijapungukiwa maneno ya kumzuia mtu. Tunatahadharisha, tunaonya, tunaasa, tunakanya, tunakaripia, tunakemea, tunagombeza, tunafoka. Nimesimamia vijana kwenye mashine za kupasulia mbao Mafinga, na sasa nalea wajukuu Mbeya, na kote huko kinachoniuma ni kilekile: tunaruka ngazi. Mtu anakosea kidogo, tena mara ya kwanza, sisi tunaanzia juu kabisa, kwa kufoka. Neno la ngazi ya chini, angalizo, tumeliachia watangazaji wa hali ya hewa na watunga mitihani. Mwongozo huu ni wa kulirudisha kinywani, nyumbani na kazini, pamoja na ngazi zinazolifuata pale lisipotosha.

Angalizo ni nini, na linapakana na nini

Angalizo limetoka kwenye kitenzi angalia. Ukimpa mtu angalizo unamwambia ageuzie macho upande fulani, kuna jambo. Humlaumu, maana jambo lenyewe halijatokea, au limetokea dogo lisilo na madhara. Humtishi pia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inalitumia neno hili vizuri kuliko wengi wetu. Taarifa zake za hali mbaya ya hewa zina ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Huku Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, mtu akisikia angalizo la mvua kubwa hahami nyumba. Anafunika matofali yake mabichi, anazibua mfereji, anaahirisha kwenda shamba la bondeni. Amepewa nafasi ya kujipanga, na hakuna aliyemgombeza.

Onyo liko juu zaidi. Linakuja na matokeo: ukiendelea hivi, litatokea hili. Wazee waliolitunga walikuwa na akili nzuri, kwa sababu onya ni kumfanya mtu aone, kama ponya ilivyo kumfanya mtu apone. Kwa hiyo onyo ambalo halijamwonyesha mtu chochote, hata likitolewa kwa sauti ya kutikisa mabati, bado halijafika.

Kanya nayo imetoka kwenye kana. Unamkanya mtu ili alikane jambo, aachane nalo. Hili ni la kosa lililokwisha kutendeka na ambalo lina dalili ya kugeuka mazoea. Kuasa ni kwa wakubwa kwa wadogo, tena kwa upole, kama bwana na bibi harusi wanavyoaswa usiku wa kuamkia harusi. Kukaripia kuna ukali wa sauti ndani yake. Kukemea kunazidi hapo, na kwa kuwa makanisani kwetu kinachokemewa zaidi ni mapepo, fikiri mara mbili kabla hujasema umemkemea mtoto aliyemwaga uji. Kufoka sikuweki kwenye ngazi yoyote. Ni hasira iliyopata mdomo.

Hatua ya kwanza: jambo limeshatokea, au bado?

Swali hili ndilo linalochagua neno. Kama bado halijatokea, toa angalizo. Kama limetokea mara moja na halina madhara, bado angalizo linatosha, ila ulilenge kwenye mara ijayo. Kama limejirudia, kanya. Kama limejirudia baada ya kukanywa, onya, na useme matokeo. Karipio liwekee mtu aliyejua, akaweza, akakataa kwa makusudi.

Kuna hali moja inayovunja utaratibu huu wote, nayo ni hatari ya papo kwa papo. Msumeno unazunguka, kijana anapeleka mkono kufagia maranda. Hapo hakuna shikamoo wala samahani. Unapaza sauti kwa maneno mawili tu, jina lake na kitu chenyewe: "Juma, mkono!" Usiseme "Wewe Juma nimekwambia mara ngapi", kwa sababu ukifika kwenye "mara ngapi" kidole kimeshaondoka. Vivyo hivyo kwa mtoto anayekaribia jiko la mkaa, au mpita njia anayerudi kinyumenyume barabarani Kabwe huku bajaji zinakuja. Jina na kitu. Mashine ikishazimwa na moyo ukitulia, ndipo mkae muelezane.

Hatua ya pili: tafuta mahali

Mwite pembeni. Soko la Mwanjelwa lina kelele za kutosha, lakini mwenye kibanda akimkanya msaidizi wake mbele ya mteja, vibanda vyote vya jirani vitasikia, na kuanzia hapo kijana atatafuta namna ya kulinda uso wake, kosa lenyewe atalisahau. Kama hakuna pembeni, ngoja mteja aondoke. Angalizo likingoja dakika tano haliharibiki.

Hatua ya tatu: salimia, halafu mwite kwa jina linalomstahili

Huku kwetu salamu hairukwi, hata kwa mtu uliyemkasirikia. Mwanzie kwa kamwene ukiwa Iringa au Njombe, kwa ugonile ukiwa Rungwe au Kyela, au kwa shikamoo na habari za kazi popote pale. Salamu humweleza mtu kwamba undugu uko palepale, na tunachokwenda kusema hakijaugusa. Ukija moja kwa moja na kosa, umeshamwambia kwamba leo ninyi si watu wa kusalimiana.

Baada ya salamu, namna ya kumwita. Hapa ndipo maonyo mengi yanapoharibikia kabla hata ya sentensi ya kwanza kwisha. "Wewe" peke yake ni kipigo. Sikiliza watu wanavyolitumia: "We!" fupi ni la kushtua, "Weee!" la kuvutwa ni la kukataza kwa mshangao, na "Wewe!" lililokamilika, likitamkwa taratibu, linamvua mtu jina, umri na cheo kwa pamoja. Mahali pake weka mwanangu, mdogo wangu, kaka, dada, shemeji, mama fulani, baba fulani, mzee wangu. Mke wa ndugu yako ukimwita "shemeji" kabla ya kumwambia kwamba watoto wake wanavusha mbuzi kwenye viazi vya jirani, atakusikiliza. Ukimwita "wewe mama", mtazungumzia adabu yako na mbuzi wataendelea kula.

Kwa kijana ambaye si wa ukoo wako, "kijana wangu" ni jema kuliko "dogo". Dogo ni la vijiweni, watu wa rika moja wanaitana hivyo kwa mapenzi, lakini likitoka kwa mkubwa mwenye kinyongo linakuwa kumshusha.

Na zipo nafasi ambazo humwiti kabisa. Kwa Wanyakyusa, mkwe mwanamume na mke wa mwanawe wana desturi ya kuepukana, na jambo lolote la kumkanya mkamwana linapita kwa mama mkwe au kwa mtu mwingine wa nyumbani. Baadhi ya vijana wa mjini wanaiona desturi hii ya kizamani. Mimi naiheshimu, kwa sababu inamlazimisha mzee atafute mtu wa kati, na huyo mtu wa kati karibu kila mara huyapunguza maneno makali njiani.

Hatua ya nne: panga sentensi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu Kiswahili kimeweka upole na ukali wake ndani ya kitenzi chenyewe, na mtu anayekijua kitenzi vizuri hahitaji "tafadhali" nyingi.

Chukua jambo moja: kijana anakwenda kunywa chai na kuacha mashine inazunguka. Tazama sentensi hizi.

"Zima mashine!" Ni amri. Inafaa kwa hatari, au kwa mtu aliye chini yako wakati wa kazi yenye haraka.

"Usiache mashine inazunguka." Ni katazo tupu. Halina ubaya, ila halina joto.

"Usiwe unaacha mashine inazunguka." Watu wengi hudhani hii ni laini kwa kuwa ni ndefu. Siyo. "Usiwe unaacha" inabeba shutuma ndani yake kwamba umekuwa ukifanya hivyo siku zote. Ukimwambia mtu aliyefanya mara moja, atakujibu kwa haki kabisa, "Kwani nimeacha lini tena?" Iweke akiba kwa mazoea yaliyothibitika.

"Usije ukaiacha mashine inazunguka." Hii ndiyo sentensi ya angalizo. Katika "usije uka-" unamchukulia mtu kwamba hajakosa, ila unamkinga asiteleze. Usije ukachelewa gari. Usije ukasahau ufunguo. Msije mkalala mlango wazi. Asije akakuona mwenye shamba. Kwangu mimi hii ni moja ya zawadi kubwa za lugha hii, na inasikitisha kuisikia ikipungua kwa vijana wanaodhani kukanya ni kutoa amri tu.

"Ungezima kwanza, ndiyo ukanywe chai." Hii ni nasaha, inafaa sana kwa rika lako au kwa mtu anayejua kazi kuliko wewe.

"Tuwe tunazima jamani." Msemaji amejiingiza na yeye. Inafaa kundi, hasa kama hujui nani aliyeacha. Ila usiitumie kwa mtu mmoja ambaye kila mtu anajua ndiye mkosaji, maana itageuka kijembe.

"Mashine inayozunguka bila mtu huua." Hapa mtu ametoweka kabisa kwenye sentensi, limebaki jambo. Kiambishi hu- kinasema hivi ndivyo mambo yalivyo duniani, kwangu na kwako. Kwa mtu mwenye aibu au mwenye hasira za karibu, anzia hapa.

Halafu yapo maneno madogo ya kulainisha: hebu, basi, kidogo, bwana, jamani. "Punguza redio" na "hebu punguza redio kidogo basi" ni vitu viwili tofauti kwa jirani wa upangaji. Lakini yakizidi, onyo linayeyuka. Moja au mawili yanatosha.

Jambo la mwisho kwenye sentensi: taja ulichokiona, usitaje mtu alivyo. "Umeacha mashine inazunguka" linaweza kurekebishwa leo kabla ya chai kwisha. "Wewe ni mzembe" halirekebishiki hata kwa mwaka, kwa hiyo aliyeambiwa hana la kufanya zaidi ya kukuchukia.

Nilisikia somo hili lote likifundishwa kwenye Coaster ya kwenda Tukuyu. Ukishapita Uyole na kupanda kuelekea Isongole, ukungu hushuka hadi huoni gari la mbele, na siku hiyo dereva alikuwa anapita malori kwenye kona. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "We dereva, una wazimu?" Mwendo haukupungua hata kidogo. Konda akageuka kutafuta nani aliyesema. Kisha mama mmoja aliyekaa jirani na injini, mwenye ndoo ya maparachichi miguuni, akasema kwa sauti ya kawaida, "Dereva mwanangu, humu tuna watoto. Usije ukatupeleka bondeni." Dereva akaangalia kioo cha ndani, akasema, "Haya mama," na tukateremka taratibu hadi Kiwira. Yapime maneno yake: amemwita kwa cheo na kwa undugu, ametaja kilichopo, akamaliza kwa "usije uka-". Hakumwambia kwamba anaendesha vibaya.

Hatua ya tano: pima maneno ya haraka

Mara nyingi hatuna muda wa sentensi nzima, tunatoa neno moja. Maneno haya ndiyo yanayotuponyoka zaidi, kwa hiyo yajue uzito wake.

"Angalia" ni jema likipewa kitu cha kuangalia: angalia shimo, angalia kidole, angalia mtoto nyuma yako. Likiachwa peke yake na sauti ikashushwa, "Angalia…" linakuwa tisho, kwa sababu msikilizaji anajiuliza aangalie nini, na jibu linalobaki ni wewe. Siku zote lipe kitu.

"Ohoo!" ya kuvuta ni ya watoto na marafiki. Ina utani ndani yake, na kwa mtoto wa miaka minne anayesogeza kikombe ukingoni mwa meza hakuna onyo zuri zaidi. Kwa mkubwa wako usithubutu.

"Shauri yako." Kisarufi ingekuwa shauri lako, lakini ulimi wa wengi umeshazoea yako, na vijana sasa wanasema shauri zako. Hapa naomba tusikilizane. Hili neno halimkingi mtu. Linamwambia: nimesema, nimeondoka, ukiumia usinitafute. Mzazi anamwona mtoto juu ya mparachichi kwenye tawi lililokauka, anasema "shauri yako" na kuingia ndani. Mtoto amesikia mambo mawili, kwamba juu kule kuna hatari, na kwamba mama hatakuwepo ikitokea. Angesema "Tawi hilo limekauka, shika la pembeni ushuke," angekuwa amempa njia. Baina ya rafiki na rafiki, kwa kucheka, shauri yako haina neno. Kwa mtu uliye na wajibu juu yake, mtoto, mwanafunzi, kibarua wako, iwe ya mwisho kabisa kama haikuwezekana kuiacha.

"Ole wako" ni tisho kamili. Kila mara inangoja kiungo cha pili: ole wako nikukute, ole wako uniguse. Ukiitamka ujue umeahidi kitu, na ahadi isipotimizwa mtoto atakuwa amekupima. "Koma" na "ukome" mimi huyaweka nje ya mlango, ni maneno ya ugomvi.

"Nimekupa kadi ya njano" ni la vijana, limetoka uwanjani, na linapendeza kwa watu wa rika moja. Limebeba maana yote kwa ufupi: hili limeandikwa, la pili linakutoa. Mashabiki wa Uwanja wa Sokoine hawahitaji kuelezwa zaidi.

Methali zinahitaji saa yake. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" ni onyo kama guu bado zima. Likishavunjika, kuisema ni kumcheka mgonjwa. "Sikio la kufa halisikii dawa" haionyi mtu hata kidogo, inamzika angali hai, na anayeisema mbele ya mhusika ameshakata tamaa naye. "Mchelea mwana kulia hulia yeye" mwambie mzazi mkiwa wawili, kamwe usiiseme mbele ya mwana.

Huku kwetu kuna njia nyingine ya haraka ambayo wageni hawaitumii, nayo ni mtani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mngoni anaweza kumwambia Mhehe, hata msibani, jambo ambalo nduguye angelisema wasingesemeshana mwaka mzima. Kama kuna mtu mnayeshindwa kumkanya, ulizeni kama ana mtani mwenye busara. Maneno yatamfika katikati ya kicheko, na hatakuwa na wa kumnunia.

Hatua ya sita: nyamaza

Ukishasema, acha. Usirudie kwa maneno mengine, wala usilete ya mwaka juzi. Mwache ajibu, na kama ana sababu isikilize. Huenda swichi ya mashine ni mbovu na amekuwa akiogopa kuizima kwa sababu haiwaki tena.

Likijirudia: kutoka angalizo hadi onyo

Mara ya pili mkanye waziwazi na umkumbushe mlivyoongea. Mara ya tatu onya, na onyo liwe na vitu vitatu: jambo, tarehe au siku, na kitakachofuata. "Jumatatu tuliongea kuhusu mashine. Leo nimeikuta tena inazunguka. Ikitokea tena nitakutoa kwenye msumeno, utabeba magogo." Kitakachofuata kiwe kitu unachoweza kukitenda na utakachokitenda. Vitisho vikubwa visivyotekelezeka, kama "nitakufukuza leo hii", humfundisha mtu kutokusikiliza.

Nyumbani, kabla ya kufika mbali, ingiza mtu wa tatu: shangazi, mjomba, mzee wa jirani. Asije kama hakimu. Aje kusikia, na onyo litolewe mbele yake ili kesho pasiwe na "hukuniambia".

Kazini kuna sheria, na mwajiri mdogo mwenye vibarua watatu aijue sawa na kampuni kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pamoja na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zinataka nidhamu iende kwa ngazi. Kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa liwe zito kiasi cha kufanya uhusiano wa kazi usivumilike tena. Makosa mazito ni kama udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe uliokithiri, na kumshambulia mtu kazini. Mengine yote yanaanza na mazungumzo na onyo la mdomo, kisha onyo la maandishi, kisha onyo la mwisho la maandishi. Anayeruka ngazi hizi atajikuta anajieleza mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko "nilimwambia mara nyingi" bila karatasi halitamsaidia sana.

Onyo la mdomo nalo liandike kwenye daftari, tarehe na jambo. Na barua ya onyo isiwe insha. Hii inatosha:

*Ndugu,*

*YAH: ONYO LA MAANDISHI*

*Tarehe 4 Machi tulizungumza kuhusu kuacha mashine ya kupasulia ikiwaka bila mtu, nawe ukaahidi kurekebisha. Tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, mashine imekutwa tena inazunguka wewe ukiwa mgahawani.*

*Kitendo hiki kinahatarisha wenzako. Kwa barua hii unaonywa kutokurudia. Likijirudia ndani ya miezi sita, utapewa onyo la mwisho.*

*Kama una maelezo, yaandike hapa chini kabla ya kutia saini. Saini yako inaonyesha kwamba umeipokea barua, si lazima iwe umeikubali.*

Mstari ule wa mwisho usiuache. Watu wengi hukataa kusaini wakidhani wanakiri kosa, na mzozo unahamia kwenye kalamu. Hakikisha pia barua imeandikwa kwa lugha anayoielewa. Kumpa mpasua mbao barua ya Kiingereza ni kumnyima onyo lenyewe.

Kumpa angalizo anayekuzidi

Bosi, mzee wa ukoo, baba mdogo, mchungaji. Hapa neno onya halitumiki kabisa. Mdogo hamwonyi mkubwa, ila anaweza kumpa angalizo, na wakati mwingine ni dhambi kutolitoa. Njia ya kwanza ni kuuliza: "Mzee wangu, hii bima ya gari tuliishaihuisha?" Njia ya pili ni kulibeba jambo kama hofu yako: "Mzee, nahofia tusije tukafika mlima Kitonga usiku, na breki zilikuwa zinalia jana." Hukusema hajapeleka gari kwa fundi. Umeweka breki mezani, na heshima yake iko palepale kuamua. Njia ya tatu ni kuomba ruhusa kwanza, "Naomba niseme kitu, mnisamehe kama nakosea," kisha useme kwa ufupi mara moja tu. Akisema "nimesikia", achana nalo hadi kesho yake.

Ukionywa wewe

"Haya" inategemea sauti. Ikiinuka mwishoni imekubali, ikidondoka imekupuuza, na mwenye kuonya anazijua zote mbili. "Sawa" kavu haitofautiani sana na mlango uliofungwa. Jibu linaloshusha joto ni "Nimekuelewa," likifuatwa na utakachofanya: "Nitazima kabla ya chai." Kama umeonewa, kubali kwanza kwamba umesikia, halafu toa maelezo. Ukianza na utetezi, hata wa kweli, utasikika kama kiburi.

Kwenye simu

Maonyo mengi siku hizi yanapita kwenye ujumbe wa WhatsApp, na huko sauti haipo. "Angalia" au "Shauri yako" iliyoandikwa peke yake husomwa kwa ukali wote ambao msomaji anauogopa, hata kama wewe ulikuwa unacheka. Herufi kubwa husomeka kama kelele. Kwa hiyo kwenye maandishi rudisha vile ulivyozoea kuviacha: salamu, jina la undugu, kitu chenyewe, na "usije uka-". "Kamwene mdogo wangu. Nimeona zile mbao umeziegemeza kwenye waya wa umeme. Usije ukasahau kuzihamisha kabla mvua haijaanza." Kama jambo ni zito zaidi ya hapo, piga simu au rekodi sauti. Na kwenye kundi la familia au la kazini usimkanye mtu hata kama kosa kalifanyia humohumo. Andika "tutaongea pembeni", kisha muongee kweli pembeni siku hiyohiyo, kabla watu wengine hawajaanza kumtetea.